Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Huduma za Afya: Tathmini ya Mhitimu

Anayelipia shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya hununua vitu viwili kwa ada moja: maarifa ya darasani na njia ya kuingia kazini. Baada ya kuisoma na kisha kufanya kazi ya usimamizi hospitalini, naona kwamba maarifa hayo yana thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ilhali njia ya kuingia kazini hutegemea karibu kabisa namna chuo kinavyopanga mafunzo kwa vitendo. Vyuo viwili vyenye mtaala unaofanana vinaweza kutoa wahitimu wasiofanana hata kidogo, mmoja akiwa tayari kukabidhiwa idara na mwingine akiwa bado hajawahi kuandaa bajeti ya kweli.

Fani yenyewe si ngeni. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha programu yake ya uzamili mwaka 1934, kwa sababu hospitali zilikuwa zimekua kiasi kwamba uzoefu wa tiba peke yake haukutosha kuziendesha. Sababu hiyo haijapitwa na wakati. Daktari bingwa hufundishwa kumponya mgonjwa aliye mbele yake. Hafundishwi kwa nini mgonjwa huyo alisubiri tangu alfajiri, wala kwa nini dawa aliyomwandikia imekwisha bohari.

Somo lililonifaa zaidi ni lile la uendeshaji, ambalo kwa jina huonekana kavu. Kiini chake ni kanuni iliyothibitishwa na mtafiti wa Marekani John Little mwaka 1961: wastani wa idadi ya watu waliomo ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku ikizidishwa kwa idadi ya siku ambazo kila mmoja hukaa humo. Hospitali inayolaza wagonjwa wapya 20 kwa siku, kila mmoja akikaa kwa wastani wa siku 4, itakuwa na wagonjwa 80 vitandani. Wakikaa siku tatu na nusu, watakuwa 70. Vitanda kumi vimepatikana bila kujenga ukuta wowote, na vimepatikana kwa sababu kuna mtu aliyeuliza kwa nini majibu ya maabara hufika alasiri wakati madaktari hupita wodini asubuhi, au kwa nini mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa hulala usiku mwingine akisubiri dawa za kwenda nazo nyumbani na hesabu ya malipo. Aliyelielewa somo hili hawezi tena kusikia ombi la jengo jipya bila kwanza kuomba takwimu za muda wa kulazwa. Hujifunza pia jambo ambalo bodi nyingi hupata shida kulikubali: kwamba wodi ambayo vitanda vyake vyote vina watu kila siku si dalili ya ufanisi, kwa kuwa kadiri nafasi zinavyokaribia kwisha ndivyo foleni inavyorefuka kwa kasi kubwa kuliko ongezeko la wagonjwa wenyewe.

Somo la fedha hukamilisha picha hiyo, nalo lifundishwe na mtu aliyewahi kushika vitabu vya hospitali, si na mhasibu wa jumla. Sehemu kubwa ya matumizi ya hospitali ni mishahara, na mishahara hailipwi kwa kuhesabu wagonjwa waliofika; kwa hiyo kumruhusu mgonjwa mapema hakupunguzi gharama papo hapo, bali hufungua nafasi ya kumhudumia mwingine. Muhimu zaidi ni kuelewa kwamba namna ya kulipwa hubadilisha mwenendo. Hospitali inayolipwa kwa kila kipimo hupata zaidi ikipima zaidi. Inayolipwa kiasi kimoja kwa kila aina ya ugonjwa, kama Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilivyoanza kuwalipia waliolazwa mwaka 1983, hupata faida ikimruhusu mgonjwa mapema. Inayolipwa kwa kila mwanachama aliyesajiliwa hupata faida asipougua, au, jambo la kuogopwa, asipohudumiwa. Mhitimu anayeyajua haya huingia kwenye mazungumzo na kampuni ya bima akiwa na macho mawili yaliyo wazi.

Kuhusu ubora wa huduma, programu nyingi huanza na mgawanyo wa daktari na mtafiti Avedis Donabedian wa mwaka 1966, yaani muundo, mchakato na matokeo, na bado sijaona mahali bora pa kuanzia. Mfano unaofaa kuufuatia ni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani karatasi ya mambo ya kuhakikiwa na kuwekewa alama kadiri upasuaji unavyoendelea, iliyotolewa mwaka 2008. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali nane katika nchi mbalimbali ulionyesha vifo vya baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 orodha hiyo ilipotumika. Mwalimu mzuri haishii kwenye takwimu hizo. Huwauliza wanafunzi watafanya nini pale ambapo karatasi inajazwa alama zote baada ya upasuaji kumalizika, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya meneja inapoanzia.

Sehemu dhaifu, kwa mtazamo wangu, ni masomo ya uongozi. Mara nyingi huwa ni mkusanyiko wa nadharia kuhusu aina za viongozi, zikifuatwa na insha ya mwanafunzi kujieleza yeye ni wa aina gani. Meneja wa afya ana tatizo mahususi ambalo nadharia hizo hupita kando yake: anawaongoza wataalamu wanaojua kazi yao kuliko yeye na ambao kwa maadili ya taaluma yao hawawezi kuamriwa namna ya kutibu. Kumshawishi daktari mpasuaji aanze orodha yake ya wagonjwa wa siku kwa wakati, au kupanga upya zamu za wauguzi bila kuwavunja moyo, hujifunzwa kwa kumtazama anayeweza, kisha kujaribu mbele yake na kusahihishwa.

Ndiyo maana ningemshauri anayetafuta chuo apime kwanza mafunzo kwa vitendo. Yawe ya miezi, si ya wiki. Mwanafunzi apewe kazi yenye mwisho unaoonekana, kama vile kupunguza muda wa kusubiri katika kliniki moja au kufuatilia madai ya bima yanayokataliwa hadi chanzo chake. Na msimamizi awe ni mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko. Mwanafunzi anayepewa mafaili ya kupanga atarudi na cheti cha mahudhurio tu.

Nafasi zinazofuata ni pana: usimamizi wa idara, mipango, ununuzi na ugavi wa dawa, bima, ushauri elekezi, uchambuzi wa takwimu. Kwa anayevutiwa na kinga, chanjo na afya ya watu wote, shahada ya afya ya jamii itamfaa zaidi, na anayetaka uhuru wa kuhama sekta asome usimamizi wa biashara. Muuguzi, mfamasia au tabibu aliyekwisha kufanya kazi hunufaika kuliko wote, maana huja na maswali yake mwenyewe; aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza ahakikishe kwamba chuo kina mwaka wa kufanya kazi chini ya uangalizi baada ya masomo, au angalau uhusiano na hospitali zinazowapokea wahitimu.

Kabla ya kulipa ada, ithibati ikaguliwe. Kwa programu za Marekani, chombo kinachohusika ni CAHME. Kisha chuo kiombwe kueleza kwa maandishi wahitimu wa karibuni wanashika nafasi gani, wameajiriwa wapi, na ni wangapi kati yao waliajiriwa pale pale walipofanyia mafunzo.