Saba Kwenye Chupa Moja: Famasi Inayochanganya Vitamini za Ugonjwa wa Mitokondria

Kabla ya kuipata huduma hii nilikuwa na makopo saba ya vitamini na virutubisho juu ya jokofu. Mwanangu ana miaka 6, kilo 18, na ugonjwa wake ni wa mitokondria, yaani zile sehemu za seli zinazoupa mwili nguvu. Kidonge hamezi. Kila asubuhi ilikuwa kufungua kapsuli, kuponda, kukoroga, kuvuta kwa bomba la sindano, kumbembeleza, kisha nusu ya kazi yote inaishia kwenye fulana yake. Nilipoambiwa ipo famasi inayochanganya vyote saba vikawa sirapu moja, nilituma cheti cha daktari siku hiyohiyo bila kuuliza swali hata moja.

Chupa ilifika nyeusi, kama inavyotakiwa, kwa sababu ribofulavini (vitamini B2) haipatani na mwanga. Ladha stroberi. Siku mbili za kwanza nilijiona malkia: mara mbili kwa siku, mililita 5, basi. Mkojo uligeuka njano ya kung'aa, lakini hilo nililijua, ni hiyohiyo ribofulavini inayotoka, haina ubaya. Ila andaa shuka za rangi.

Siku ya tano nilimnusa shingoni nikasikia samaki. Jioni akaanza kuharisha.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya chupa moja. Harufu nilijua inatoka wapi: karnitini, mojawapo ya vile saba, isiyofyonzwa huliwa na bakteria wa utumbo, wakaigeuza kuwa kitu kinachonuka samaki, kikatokea kwenye jasho na pumzi. Lakini kuharisha? Karnitini huharisha. Vitamini C ikizidi huharisha. Kreatini nayo wapo isiowakalia vizuri tumboni. Zamani ningeweka kopo moja pembeni siku tatu nikaangalia. Sasa nikitaka kuacha kimoja lazima niache vyote. Daktari alinionya tangu mwanzo: anza na kimoja, subiri, ndipo uongeze cha pili. Nilimsikia kwa sikio moja, maana nilikuwa nimechoka.

Nikageuza chupa kusoma lebo nijue karnitini ni kiasi gani. Imeandikwa majina saba na "mililita 5 asubuhi na jioni". Miligramu hakuna. Kwa dawa ya mtoto mgonjwa, hili siwasamehi haraka.

La pili lilihitaji macho tu. Koenzaimu Q10, ambayo ndiyo daktari aliitilia mkazo kuliko zote, ni unga wa rangi ya chungwa unaoyeyuka kwenye mafuta. Wao waliutia kwenye sirapu ya maji. Nilikuwa naitikisa chupa mpaka mkono unauma, naiweka mezani, namwita mtoto, na akifika, pete ya chungwa imesharudi shingoni mwa chupa. Kwa hiyo siku nyingine alikunywa Q10 tele, siku nyingine maji ya stroberi. Kipimo cha damu kilipotoka, Q10 ilikuwa chini, na mimi sijaruka dozi hata moja.

Nilipiga simu nikiwa nimejiandaa kwa ubishi. Mfamasia aliniacha nimalize, akasema, "Mama, una haki. Hii haikufaa kuwa chupa moja." Kwa jibu hilo tu nimebaki nao.

Sasa napokea chupa tatu. Q10 iko peke yake ndani ya mafuta, kila mililita ina miligramu 30, na lebo inasema hivyo. Mtoto anapewa miligramu 10 kwa kilo kwa siku, yaani 180, kwa hiyo ni mililita 3 asubuhi na 3 jioni, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe. Vitamini zinazopenda maji ziko pamoja. Karnitini iko kivyake; tuliisimamisha, tumbo likatulia, tukaanza tena na nusu ya dozi. Kipimo kilichofuata, Q10 ilikuwa imepanda.

Je, vinasaidia? Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, hayakuona ushahidi ulio wazi kwamba tiba yoyote ya magonjwa haya inafanya kazi. Aina chache ni tofauti, kwa mfano wale ambao mwili wao wenyewe hautengenezi Q10 ya kutosha. Baadhi ya hao hunufaika waziwazi, hasa wakiwahi. Wangu si aina hiyo. Anapanda ngazi bila kuketi katikati, jambo ambalo mwaka jana halikuwepo, lakini pia amekua mwaka mzima. Naendelea kumpa, na kila nikiulizwa na mzazi mwingine namwambia hivyohivyo.

Ukiwa mtu mzima unayemeza kapsuli, sioni haja ya kuwatafuta. Nunua kila kitu kivyake. Ukiwa na mtoto kama wangu, agiza chupa za kutengana tangu siku ya kwanza na udai miligramu kwenye lebo kabla hawajachanganya.

Limebaki moja. Chupa ya vitamini zinazopenda maji inatakiwa kumwagwa baada ya siku 14 hata ikiwa jokofuni, nao wananijazia ya siku 20. Mara mbili nimemwaga dawa sinkini, beseni likabaki na njano mpaka kesho yake. Nimewaomba chupa ndogo. Wamesema watalitazama.