Fundi wa AC Kigamboni: alisafisha, hakuniuzia gesi

Nimesubiri miezi miwili kabla ya kuandika haya, nione kwanza kama kazi itadumu. Imedumu.

AC yetu iko chumbani kwa mama. Ni ya ukutani, BTU 12,000, ina miaka minne, na tunakaa Kigamboni upande wa baharini. Mwezi wa pili ilianza kudondosha maji ndani. Usiku yalitiririka ukutani karibu kabisa na soketi, tukawa tunakinga ndoo. Mama ana presha, na lile joto la Februari mnalijua. Kumwambia alale bila AC nilishindwa.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, hata mfuniko hakufungua. Aligusa bomba la nje, akasema gesi imeisha, akajaza, akachukua 80,000. Siku ya kumi na mbili ndoo ikarudi mahali pake.

Huyu wa pili nilielekezwa na jirani. Aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa sita kasoro, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Hilo liliniudhi na nilimwambia. Lakini alipoanza kazi nilivuta kiti nikatazama mpaka mwisho.

Alizima swichi kuu kwanza, akatandaza nailoni juu ya kitanda. Akachomoa filta mbili. Vumbi lilikuwa limeshikana hadi hazipitishi mwanga. Kisha akaomba kikombe cha maji, akamimina taratibu kwenye trei iliyo chini ya koili, yale mabomba yanayopoza hewa. Maji yakajaa, hayakwenda popote.

"Dada, shida yako si gesi. Njia ya maji imeziba."

Akatoka nje, akauvuta ule mpira wa kutolea maji kwa mashine ya kufyonza. Ukatoka uchafu wa kahawia unaovutika kama mlenda. Akamimina kikombe cha pili, nikasikia maji yakidondoka nje kwenye kokoto. Nilisimama pale nikiikumbuka 80,000 yangu.

Nikamuuliza kuhusu gesi. Akanieleza kwamba ya AC si kama ya jikoni, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua ujue kuna tundu, na tundu hutafutwa kwa povu la sabuni na kuzibwa kabla ya kuongeza chochote. Baadaye AC ikiwa inafanya kazi aliunganisha geji ya kupima gesi, akaona inatosha, akaichomoa. Hakuongeza hata kidogo, na angetaka kuniuzia ningenunua.

Sehemu ya nje ilimchukua muda mrefu kuliko ya ndani. Upepo wa bahari umeacha chumvi kwenye yale mapezi membamba ya alumini, na skrubu zimeshika kutu. Aliosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi ili mapezi yasilale. Akasema kwa nyumba za huku kwetu niimwagie sehemu hiyo ya nje maji safi yasiyo ya chumvi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.

Bei ilikuwa 40,000, ndani na nje, ileile aliyoitaja kwenye simu. Risiti sikupata, na barazani aliacha tope nililolipiga deki mwenyewe. Ukimwita, mpigie tena asubuhi ileile kumkumbusha.

Tangu siku hiyo ukuta umekauka. Rimoti tumeitoa 18 tukaiweka 25, feni ikizunguka polepole, na chumba kinapoa vizuri kuliko zamani. Umeme wa 20,000 tuliokuwa tunaununua kila baada ya siku nane sasa unafika siku kumi na moja. Filta naziosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili, nazianika kivulini, halafu nazirudisha. Dakika ishirini tu, na mama ndiye anayenikumbusha.