Oili ya 5W-30 kwenye IST yangu: nusura niilaumu bure

Oili hii nilikaribia kuisema vibaya mwezi wa nne. Maneno yote nilikuwa nayo tayari: nyepesi mno, haifiki hata kilomita 5,000, nimetoa shilingi 80,000 kununua maji ya rangi. Bahati sikuyaandika, maana mwenye kosa alikuwa mwingine, na nilikuwa nikimwendesha kila asubuhi.

Gari langu ni Toyota IST, injini 1NZ-FE ya cc 1,496. Linalala Raskazone, hapa Tanga, na kazi yake kubwa ni kunipeleka dukani kwangu Ngamiani, nauza dawa. Asubuhi naenda, mchana narudi kula, alasiri naenda tena, usiku narudi. Safari nne kwa siku, kila moja dakika kumi hivi. Mtaona kwa nini nalitaja hilo.

Dumu ni la lita 4, sintetiki, 5W-30. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nayosema hapa yanahusu uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida, kuliko nembo. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kila sevisi kwenye dumu hubaki vikombe viwili vitatu vya kahawa. Wengi huviacha gerejini. Mimi naondoka navyo, na ndivyo vilivyoniokoa.

Fundi wangu, mzee ambaye gereji yake iko chini ya mwembe, hakuipenda tangu siku ya kwanza. "Mwanangu, hii ya watu wa theluji. Kwa joto la Tanga weka 20W-50, injini ishibe." Sikumbishia, mzee ni mzee, ila niliisoma lebo na kitabu cha gari. Hiyo W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 5W hupimwa kama inaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata friza yangu ya barafu za kuuza haifiki hiyo 30. Namba ya pili ndiyo ya joto la kazi, nyuzi 100: daraja la 30 linatakiwa liwe kati ya sentistoki (kipimo cha huo uzito) 9.3 na 12.5, la 50 linaanzia 16.3. Na kitabu cha gari kinataka 30. Isitoshe, asubuhi ya Tanga yenye nyuzi 26 kwetu ni joto, lakini kwa oili bado ni baridi. Inakuwa nzito mara nyingi kuliko inavyokuwa injini ikishachemka. Nyepesi inawahi kufika juu kwenye valvu, nzito bado inajikokota.

Basi, kilomita 2,500 baada ya sevisi nikachomoa kijiti cha oili. Ilidondoka kama maji ya kunawa. Jambo la pili nililichukulia kuwa sifa: kiwango hakikushuka, tena kilikuwa kimepanda kidogo juu ya alama ya kujaa. Nilikuwa nikijitapa kwa majirani kwamba gari langu halili oili. Fundi akaisugua kwa vidole, akatazama weusi wake, akatoa hukumu: imekufa.

Mimi kazi yangu ni vipimo, hukumu ya vidole hainitoshi. Nikachukua dukani bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, nikatoa kisukumio, nikaziba mdomo kwa kidole, nikajaza ile oili mpya iliyobaki kwenye dumu. Nikaachia kidole na kuhesabu kwa simu sekunde hadi ilipoisha kutoka. Nikaosha, nikarudia kwa iliyotoka kwenye injini.

Mara ya kwanza nilijidanganya mwenyewe. Mpya niliipima asubuhi, sekunde 118. Niliporudia mchana, mpya ileile, sekunde 96! Nyuzi chache tu za joto zimebadilisha namba kiasi hicho. Anayetaka kujaribu nyumbani aweke chupa zote mbili kwenye ndoo moja ya maji kwa saa nzima, ndipo apime moja baada ya nyingine. Nilipofanya hivyo nikapata mpya 104, iliyotumika 84. Imeshuka kwa karibu moja ya tano, na ndiyo kwanza imefika nusu ya safari yake.

Hapo ndipo nilipotaka kuitukana. Kilichonizuia ni harufu. Kwenye bomba ile oili ilinuka petroli.

Nikamrudia fundi, shikamoo, nikamwambia anuse. Hakusema neno, alikwenda moja kwa moja kufungua plagi. Tatu zilikuwa kavu, rangi ya hudhurungi. Ya nne ilikuwa nyeusi na imelowa. Silinda hiyo ilikuwa haichomi vizuri, petroli isiyoungua inateleza kando ya ringi za pistoni hadi chini kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kumbe ile oili "isiyopungua" ilikuwa inaongezewa petroli! Na safari zangu za dakika kumi zikazidisha balaa. Mshale wa joto ukifika katikati tunadhani kila kitu kimechemka, kumbe huo ni wa maji. Oili huchelewa nyuma, na petroli iliyoingia haipati moto wa kuifukuza.

Plagi zikabadilishwa zote nne. Fundi alitaka na oili imwagwe siku hiyo hiyo, na kwa usalama wa injini alikuwa na haki. Mimi ubishi ulinishika, siwashauri muige. Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Lushoto kwa mama mkwe: Segera, Mombo, halafu ule mlima wa Soni na kona zake. Saa nyingi injini ikiwa moto. Niliporudi nikapima tena, ndoo ileile: sekunde 93, na harufu imeondoka. Petroli ilikuwa imevukizwa njiani.

Lakini haikurudi 104, na zile sekunde 11 zilizopotea zina maelezo yake. Oili za namba mbili huwekewa nyuzinyuzi ndefu za polima. Kwenye baridi zinajikunja kama tambi mbichi kwenye pakiti, kwenye joto zinajinyoosha na kuizuia oili isiwe maji. Sasa pistoni, kemu na beringi huzikatakata kila siku, na iliyokatika haiungiki. Huo ndio uchakavu wa kawaida, kila oili ya aina hii inao, kidogo au kingi kutegemea ubora wa hizo nyuzi. Kisha nikaimwaga.

Dumu la pili, plagi nzima, kilomita 5,000: mpya 104, iliyotumika 97. Nyeusi vilevile! Tui la kwanza na tui la pili yote ni meupe, tofauti utaijua kwa upawa.

Habari zikamfikia shemeji yangu mwenye Canter ya kubeba machungwa ya Muheza. Akaniletea chupa yake, 15W-40 ya dizeli, amepitiliza sevisi kwa namna ambayo sitaiandika hapa kwa heshima ya dada yangu. Mpya sekunde 190, yake 235. Imekuwa nzito. "Shemeji, si ndiyo nzuri hiyo? Imekomaa," akaniambia. Hapana. Masizi ya dizeli yameelea humo, sehemu nyepesi za oili zimeondoka na mvuke, na iliyobaki imeungana na hewa kwenye joto na kuanza kuganda. Mafundi husema kila nyuzi 10 zinazoongezeka huko juu, kasi ya kuharibika huongezeka maradufu. Oili ya hivyo inapita kwa shida kwenye filta na vijia vyembamba, na asubuhi beringi hungoja.

Kuhusu oili yenyewe: naendelea nayo, naimwaga kwenye 5,000 kwa sababu ya hizi safari fupi, ingawa dumu limeandikwa maneno makubwa zaidi ya hapo. Bei inauma. Kifuniko cha dumu ni kibovu, kikishafunguliwa hakifungi sawasawa, na limenimwagikia kwenye buti mara mbili.

Bomba la sindano nimeliandika OILI kwa peni nyekundu na kulifungia kwenye mtoto wa meza, baada ya msichana wangu wa dukani kulikuta kwenye sinki na kutaka kulirudisha kwenye boksi la kuuzia.