Ombudsman wa wazee Minnesota: huduma ya bure iliyomtetea mama

Kwa wenzangu wenye wazazi kwenye makao ya wazee hapa Minnesota: mtumieni ombudsman wa huduma za muda mrefu, yaani mtetezi wa haki za wakazi wa makao hayo. Hatozi hata senti.

Meneja wa makao anakoishi mama alinivuta pembeni kwenye korido, akasema mama anaamka mno usiku na wafanyakazi hawatoshi, hivyo tumtafutie pengine kabla mwezi haujaisha. Barua hakuna, kikao hakuna. Nikapiga simu kwa ombudsman.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuanza na mimi. Alikuja chumbani, akamweka mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, akaniomba kwa upole niwapishe. Sisi tumezoea mtoto kumsemea mzazi, lakini anayetetewa ni mama, naye ndiye aliyeulizwa anataka nini. Mama alihofu kwamba akilalamika atacheleweshewa dawa na chai. Akahakikishiwa kwamba sheria inakataza kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika.

Sheria yenyewe ni sura ya 144G ya sheria za Minnesota, inayosimamia makao ya wazee wanaosaidiwa shughuli za kila siku (assisted living), kama anakoishi mama, na leseni zake zilianza Agosti 2021. Mkazi haondolewi kwa maneno ya korido. Kwanza kinaitishwa kikao cha kutafuta namna ya yeye kubaki, angalau siku 7 kabla ya barua. Barua nayo kwa kawaida humpa siku 30, na anaweza kukata rufaa. Kikaoni ana haki ya kumwalika ombudsman, nasi tukamwalika.

Akafungua mkataba, akauliza mpango wa huduma za mama ulipitiwa lini mara ya mwisho. Hakuna aliyejibu. Muuguzi alipoupitia upya, ikaonekana kidonge cha kupunguza maji mwilini kilikuwa kinatolewa jioni. Ndiyo maana ya safari zote zile za chooni! Daktari akakihamishia asubuhi, na habari ya kuhama ikaishia hapo.

Nampa ombudsman nyota 4 kati ya 5, kwa kuwa hana mamlaka ya kutoza faini. Ukaguzi na adhabu ni kazi ya Idara ya Afya ya jimbo.

Walio majimbo mengine, msinakili taratibu zetu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inahusu vituo vya uuguzi, si makao ya aina hii, kwa hiyo kila jimbo lina sheria zake. Ombudsman, hata hivyo, yupo kila jimbo. Tafuteni namba yake kwenye karatasi mlizopewa siku mzazi alipoingia.