Tathmini: Vifaa vya Kubadili Breki za Nyuma za Chevrolet K30 Kuwa za Diski

Nilinunua vifaa hivi kwa ajili ya pikapu ya Chevrolet K30 ya mwaka 1985, ambayo ekseli yake ya nyuma ya aina iitwayo ya boliti 14 ilitoka kiwandani na breki za dramu nzito (ngoma zinazobanwa kutoka ndani), zilizokuwa zikipoteza nguvu kila gari lilipopita kwenye maji. Mabano ya chuma yalikaa sawasawa kwenye ekseli bila kuchonga wala kuchomelea, na kalipa (vibanio vinavyokaza diski) ni za aina ileile ya magurudumu ya mbele, hivyo pedi, yaani vipande vinavyosugua diski, hazisumbui kupatikana.

Kazi kubwa iko kwenye habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Katika muundo huu wa zamani diski, kama ilivyokuwa dramu, hufungwa nyuma ya habu, kwa hiyo ni lazima kuchomoa shafti, kutoa stadi (boliti za gurudumu) kwa presi na kuweka oili sili mpya, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasivuje; pedi zitabadilishwa kirahisi baadaye, lakini diski ikiisha habu itafunguliwa tena.

Lawama yangu ni breki ya mkono. Kalipa hizi hazina mahali pa kufunga waya wake, na muuzaji hakuligusia jambo hilo popote, ilhali kwa gari la mizigo huo si upungufu mdogo. Anayeegesha kwenye mteremko atafute kalipa zenye breki ya mkono, kama zile za Cadillac Eldorado za mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki na kurekebisha mgawanyo wa shinikizo kati ya mbele na nyuma, pedali imekuwa ngumu na gari linasimama bila kuvuta upande, hata magurudumu yakiwa yamelowa.