Stempu za ami na mnada wa London: uzoefu wangu

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa wakala wa meli pale Kilindini kwa zaidi ya miaka 30. Bahasha zilizokwisha kazi ofisini alizibeba nyumbani, na alipofariki tulikuta chumbani mwake, Kibokoni, mikebe 7 ya biskuti iliyojaa stempu, albamu 11 na kasha moja la bahasha nzima nzima. Wanawe hawakuzitaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye barazani baada ya alasiri akinipa kioo cha kukuzia, basi wakaniachia mimi niziuze, tugawane.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale hapa mjini alikuja, akafungua mikebe miwili, akataja Sh 25,000 kwa vyote. Kasha hata hakuligusa. Nilimtilia kahawa, tukaagana.

Nikaandikia nyumba moja ya mnada wa stempu huko London. Wao hutaka picha kwanza, kisha hukutumia makadirio, na mkikubaliana unatuma mzigo kwa bima. Mkataba usomeni kwa utulivu. Mimi nilikatwa asilimia 15 ya bei iliyogongewa nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, na mnunuzi naye hulipa ada yake juu ya hiyo bei, kwa hivyo anayepandisha dau anaipiga hesabu ada hiyo tangu mwanzo na dau lake linapungua. Kuna pia bei ya chini, ambayo mali yako haiuzwi ikiwa haijafikiwa. Hiyo hawakuandikii mpaka uitake. Itake.

Hasara ya kwanza niliipata hata kabla ya mnada, na mkosaji ni hewa yetu ya Mombasa. Ami alifunga albamu zake kwa nailoni akidhani anazihifadhi, kumbe amefungia unyevu ndani. Gundi ililainika, stempu mpya zikagandana na kurasa, nyingine zikatoka madoa ya rangi ya kutu. Kwenye picha hayakuonekana vizuri, London yakaonekana. Albamu mbili zilirudishiwa makadirio ya karibu na bure. Yeyote mwenye albamu hapa Pwani azitoe kwenye nailoni leo hii, azisimamishe kabatini kama vitabu, na kabati lisibane ukuta wa nje.

Kulikuwa na stempu moja ambayo ami aliipenda kuliko zote, ya ile kampuni ya Waingereza iliyoshika Pwani kabla ya serikali yao: jua lenye taji, na maneno ya Kiingereza kuhusu nuru na uhuru. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo ziliisha hapa Mombasa, makarani wakagonga thamani mpya kwa muhuri juu ya zile kubwa na kutia herufi za majina yao kwa kalamu. Ami aliamini yake ni mojawapo. Nyumba ya mnada ilikataa kuinadi bila cheti cha wataalamu, nikalipia, nikangoja miezi minne. Jibu: stempu ni ya kweli, muhuri na wino ni vya kughushi, vilitiwa baadaye. Niliumia, si kwa fedha bali kwa ajili yake, maana aliitunza miaka yote hiyo. Lakini nawapa haki yao. Stempu hizo zimeghushiwa sana, na anayekwambia ataiuza bila cheti anatafuta mjinga wa kumpa.

Sasa lawama yangu. Orodha ya mnada ilipotoka nikaona vitu vyote vya ami vimewekwa fungu moja, "mkusanyiko wa Afrika Mashariki", makadirio pauni 200 hadi 300. Bahasha za kashani zilitajwa kwa neno moja tu mwishoni. Sikulala. Ndani ya bahasha hizo mlikuwa na barua zilizopita Mombasa kwa ndege zinazotua majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, zilizoanza njia hii mwaka 1937, na za wakati wa vita zenye karatasi ya mkaguzi wa barua ubavuni. Stempu iliyong'olewa kwenye bahasha kama hiyo ni picha ya Mfalme George tu, zimejaa tele. Ikiwa mahali pake, na muhuri wa posta na tarehe, ni ushahidi wa safari nzima. Wanunuzi wanalipia safari.

Nikawaandikia nikitaja bahasha moja moja, kwa picha mbele na nyuma. Kwa haki, walisikia: waliziondoa, wakazingojesha mnada uliofuata, wakazigawa mafungu 6. Mkusanyiko wa jumla ulikwenda pauni 340. Yale mafungu 6 yalileta 1,150. Fedha zilifika benki wiki ya sita, makato yote yakiwa yameandikwa wazi.

Kwa hiyo ningewatumia tena? Kwa mzigo mkubwa, ndiyo, kwa sababu hapa kwetu sijaona mahali pengine ambapo wanunuzi wa nchi kumi wanashindania kitu kimoja. Ila sitatuma tena bila orodha yangu mwenyewe. Anayepanga mafungu ana mikebe mia ya watu mia. Ya kwako atakayeijua ni wewe. Na msiziloweke stempu maji kuzitoa kwenye bahasha kabla mtu hajaziona. Ami mwenyewe aliloweka mkebe mzima ujanani na alijuta mpaka mwisho.

Kitu kimoja sikukiuza. Ni stempu za Kenya za makome ya bahari, za mwaka 1971. Ile ya senti 70 ina nautilus, na toleo la kwanza jina lake la kisayansi lilichapwa kwa herufi iliyokosewa, kisha likasahihishwa. Ami aliziweka mbili ubavu kwa ubavu. Jana nilimpa binti yangu kioo bila kumwambia kitu. Alizitazama kwa muda, akanyanyua uso: "Mama, hii imeandikwa e, hii i."