Programu ya watoto wa kwanza kusoma chuo: nyota ngapi hata sijui

Nilijiambia sitaandika nikiwa na hasira lakini hasira yenyewe haiishi, acha niandike tu. Niko koleji moja ya miaka miwili huku California. Programu yetu imeiga ile Puente iliyoanzia Chabot College, Hayward, 1981, mwalimu wa Kiingereza na mshauri wanawashika kwa pamoja wanafunzi ambao kwao hakuna aliyesoma chuo, wengi Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mimi Mkongo niliyekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, nikajiunga, haikatazi mtu, na kwetu mimi ndo wa kwanza.

Sasa msimu wa FAFSA, ile fomu ya kuombea hela ya kusoma, rafiki yangu Mmeksiko akamleta mama yake ofisini. Mama wa watu katoka zamu ya usiku, bado ana aproni, kabeba na mikate mitamu ya kuwapa wa ofisini. Dada wa dirishani kaangalia karatasi, kapaza sauti foleni nzima inasikia, mbona mama hana sosho? Na anarudia! Sosho ndo ile namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, mhamiaji asiye na vibali huwa hana. Jamani, fomu haiulizi hata uraia wa mzazi. Wakati ule mzazi asiye na namba alikuwa anajaza sifuri tisa, anasaini kwa kalamu, inaenda kwa posta, basi. Sifuri tisa! Mimi mtoto wa kambini najua, yeye analipwa mshahara hajui.

Mama akamgeukia mwanae, kasemaje? Rafiki akamjibu kifupi, Kispanyola changu cha kuokoteza ila "mañana" naijua, na yule dada hakutaja kesho popote. Nikanyamaza, maana mama yangu nimemtafsiria uongo wa hivyo mara ngapi, kwa daktari, kwa mwenye nyumba.

Na ukutani bango kubwa, eti sisi ni HSI, yaani chuo kinachohudumia Walatino, robo ya wanafunzi au zaidi ni Walatino, kitu ambacho ndo kiliwafungulia mlango wa kuomba pesa za serikali kuu. Watoto mnawahesabu vizuri sana, mama zao mnawaaibisha dirishani.

Haya, nisiwe mwongo. Mshauri wetu Mungu ampe maisha, insha yangu ya kuhamia yunivasiti kaisoma mara nne, na aliposikia yale alimpigia mama simu jioni ileile, kwa Kispanyola, akamwomba radhi. Kwa hiyo nyota tatu, hata nne.

Halafu juzi nimepita pale, dada bado yuko dirishani, na rafiki yangu kaniambia mama kaapa hapandi tena zile ngazi. Moja.

Na ile mikate waliila.